Breki za Gari Lenye Nguvu na Mteremko wa Newala
Mada kwa wamiliki wa magari na mafundi wa Masasi na Newala



Kila msimu wa korosho unapofunguka na malipo ya minada ya MAMCU na TANECU yanapowafikia wakulima, magari huongezeka katika barabara zetu. Miongoni mwake yamo yale yanayopendwa na vijana: Subaru Impreza na Forester zenye tabochaja, Toyota Altezza, Mark II. Ni magari yaliyotumika Japani miaka mingi kabla ya kutufikia. Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wenye magari hayo ni moja: je, mtu anunue breki kubwa zaidi azifunge mwenyewe nyumbani? Swali ni la haki, kwa kuwa anayeliuliza walau amekwisha kuona kwamba injini yenye nguvu inadai breki zenye nguvu. Hata hivyo tunaomba tuanze na mteremko kabla ya kufika kwenye duka la spea.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Chukueni gari la kilo 1,500 linaloshuka kimo cha mita 300. Dereva akitegemea breki peke yake, joto litakalozaliwa mpaka afike chini linatosha kuchemsha lita 14 za maji yaliyokuwa baridi. Ninyi mnaoishi juu ya uwanda, mahali ambapo ndoo ya maji ina bei, mnajua lita 14 ni kiasi gani. Joto lote hilo huingia katika diski na pedi, na sehemu yake hupenya mpaka kwenye mafuta ya breki.

Mwenzetu mmoja wa ofisini alilipata somo hili kwa gharama ya suruali yake. Alikuwa amefunga diski na pedi mpya kwa mikono yake, uani kwake, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Akishuka kutoka Newala kwenda Masasi, pedali ikaanza kulainika. Alipoikanyaga tena ikazama hadi sakafuni. Aliokolewa na gia ya pili, breki ya mkono na rundo la mchanga lililokuwa pembezoni mwa barabara. Asubuhi yake fundi aliipima pedali na kuikuta ngumu kama kawaida, akamwambia gari halina tatizo.

Tatizo lilikuwapo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kadiri yanavyonyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishapata unyevu, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu huishia katika kuubonyeza badala ya kuzifikia tairi. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa mafuta na pedali hurudi kuwa ngumu. Hiyo ndiyo sababu fundi hakuona kitu. Mafuta ya mwenzetu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hakuna aliyejua yaliwekwa lini.

Kwa sababu hiyo ushauri wetu wa kwanza ni wa bei nafuu kuliko mlivyotarajia: badilisheni mafuta yote ya breki kila baada ya miaka miwili, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Nunueni kopo ambalo halijafunguliwa. Lile lililokaa wazi rafuni wiki kadhaa limekwisha kunyonya unyevu, hata kama limejaa. Na kamwe msitie mafuta ya injini wala ya usukani. Huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na gari likafikia hatua ya kukosa breki kabisa.

Ushauri wa pili ni wa dereva: shukeni kwa gia nzito mliyoiingiza kabla ya mteremko kuanza, ili injini ibebe sehemu ya kazi. Kuweka nyutro ili kubana petroli ni kuhamishia mzigo wote kwenye breki.

Sasa tuje kwenye breki kubwa. Kalipa za Brembo zilizotolewa kwenye Subaru STI huuzwa zikiwa mtumba, na kijana huziona ni heshima ya gari. Lakini huhitaji diski zake, na kwa kawaida rimu za inchi 17, kwa hiyo rimu za inchi 15 hazitaingia. Zikifungwa mbele tu, uwiano wa mbele na nyuma hubadilika, na gari linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lilivyotoka kiwandani. Bomba kuu la breki nalo lilipimwa kwa kalipa ndogo. Kwa maoni yetu, asiyeweza kununua mfumo mzima unaolingana, tena kutoka gari linalofanana na lake, atafaidika zaidi na pedi halisi, diski nzima na mafuta mapya.

Anayefanya kazi hiyo nyumbani na aanze na ardhi. Mchanga wa Newala humeza jeki. Wekeni ubao mpana chini yake, zuieni tairi zilizobaki kwa mawe, na gari likae juu ya stendi, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Fungueni upande mmoja kwanza, mwingine ubaki kuwa mfano. Kalipa isining'inie kwa bomba lake la mpira. Ifungeni kwa waya. Vumbi la breki msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifuteni kwa kitambaa kibichi. Someni unene wa chini ulioandikwa kwenye diski, mkaupime. Pini za kalipa, ambazo vumbi letu jekundu huzing'ang'aniza, zisafisheni na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Kazi ikiisha, kanyageni pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari, kwa kuwa mkanyago wa kwanza baada ya kubadili pedi huenda bure. Kutoa upepo kwenye mfumo kunahitaji watu wawili na utaratibu wa kitabu cha gari husika. Asiyewahi kukufanya na amwite fundi, asimame naye na kutazama.

Limebaki suala la ununuzi. Pedi bandia hufungwa katika boksi linalofanana na la kweli, na maandishi yaliyokosewa au bei ya chini kupita kiasi ni dalili. Daini risiti ya EFD yenye jina la spea, na boksi lihifadhini. Bidhaa bandia zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani (FCC); ubora hafifu upelekeni kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Malalamiko yasiyo na risiti wala boksi ni magumu mno kuyafuatilia, nasi tumelazimika kuyarudisha mengi.

Pale mezani tumeweka chupa mbili za mafuta ya breki, mapya na yale yaliyotoka kwenye gari la mwenzetu. Karibuni mtazame, kisha fungueni boneti za magari yenu pale nje tulinganishe rangi.