Nyanya Ikinyauka, Tazama Mizizi

Msikilizaji wa Kisangani, unamwagilia nyanya kila siku, lakini mchana zinanyauka? Ng'oa shina moja taratibu. Osha mizizi, uitazame. Ukiona vinundu vimejipanga kama shanga kwenye uzi, humo mna minyoo ya mizizi. Macho hayaioni, na dawa ya kupuliza majani haiifikii.

Kinga ianze kwenye mbegu. Miaka ya 1940, watafiti wa Marekani walipandanisha nyanya ya kawaida na nyanya-pori ya Peru, ambayo minyoo hiyo haiiwezi. Mbegu nyingi za leo zimerithi kinga hiyo. Ukienda kununua, muulize muuzaji: mbegu hii inahimili minyoo ya mizizi? Kwenye pakiti nyingi, alama yake ni herufi N.

Ila sikia vizuri, mama, baba: udongo ukipata joto sana, kinga hiyo hulegea. Na jua la jimbo letu la Tshopo mnalijua. Kwa hiyo funika tuta kwa majani makavu. Mashina yenye vinundu yachome, usiyaache bustanini. Msimu unaofuata, hapo hapo panda karanga. Nyanya utarudisha baadaye, kwa mbegu ile ile yenye kinga.