Jongoo Aliyepewa Jina



Wazee husema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Leo tunazungumza juu ya jongoo ambaye hakutupwa.

Huko Tanzania, karibu na milima ya Udzungwa, upo msitu uitwao Magombera. Watu waliokuwa wakipima miti katika misitu ya upande ule waliokota majongoo pia. Majongoo hao walimfikia Henrik Enghoff, mtaalamu wa makumbusho ya Copenhagen, Denmark. Kwa macho tu majongoo wengi hufanana. Mtaalamu huinama juu ya hadubini na kutazama hasa viungo vidogo vya uzazi vya dume, kwa maana hivyo ndivyo vinavyotofautisha aina na aina.

Mwaka 2024 aina tano mpya zilitangazwa. Mmoja aliitwa Lophostreptus magombera. Jina la kwanza ni la ukoo uliokwisha kujulikana. La pili ni la msitu wa kwao. Mwingine hakuingia katika ukoo wowote, ikabidi aundiwe ukoo mpya, Udzungwastreptus.

Je, kabla ya hapo majongoo hao hawakuwako? Walikuwako, wakila majani makavu na kuyarudisha udongoni ili miti ipate chakula. Mungu aliwajua. Wasiojua ni sisi.

Sasa turudi kwetu Gikomba. Mtumba ukifunguliwa asubuhi, mikono huwa na haraka: hii ya kwanza, hii ya pili, hili tambara. Nguo haiumii. Lakini watu nao tunawachambua vivyo hivyo. Yuko hamali mmoja aliyetubebea mizigo kwa miaka mingi, nasi tukimwita "Mkokoteni" tu. Siku moja tulimwuliza jina lake. Kwanza alinyamaza, kama jongoo ajikunjavyo akiguswa. Kisha akalitaja, na la baba yake, na la kijiji chao. Tuliona haya. Tulikuwa tumemlipa siku zote, wala hatukuwa tumemjua.

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama ili awape majina. Adamu asingeweza kufanya kazi hiyo huku amegeuza uso. Na Bwana wetu alifundisha kwamba mchungaji wa kweli hulijua jina la kila kondoo wake. Ikiwa mtu aweza kuinama siku nyingi kwa ajili ya jongoo, sisi tutajitetea vipi mbele ya jirani?

Ndugu msikilizaji, yuko mtu unayempita kila siku. Kesho simama, umwulize jina, nawe ulikumbuke.

Tuombe. Ee Bwana, unayetujua sote, utufundishe kuinama na kutazama. Amina.