Uwindaji wa Nyara na Wajibu wa Askari

Ndugu zetu wapiganaji wa jeshi na askari polisi mlioko katika vituo vya Palma, Nangade, Mocímboa da Praia na kandokando ya Mto Ruvuma. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaitazama hasira ambayo kila baada ya miaka michache huipanda dunia, yaani hasira juu ya matajiri wanaosafiri kutoka mbali kuja kuwaua wanyama wa Afrika ili wapate kichwa cha kutundika ukutani.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwezi wa Julai 2015. Nchini Zimbabwe, nje kidogo ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Hwange, daktari wa meno kutoka Marekani alimwua simba dume wa miaka 13 aliyeitwa Cecil. Simba huyo alikuwa amefungwa shingoni kifaa cha redio na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na watalii walimjua kwa jina lake. Habari za wakati ule zilisema kwamba mwindaji alilipa kiasi cha dola 50,000. Ulimwengu ukawaka. Watu wakaandamana mbele ya kliniki ya daktari huyo, na mashirika kadhaa ya ndege yakatangaza kwamba hayatabeba tena nyara za wanyama. Ilipofika Oktoba mwaka huo, serikali ya Zimbabwe ikasema kwamba haiwezi kumshtaki mtu huyo, kwa kuwa hati zake zilikuwa halali.

Sisi wa kaskazini ya Cabo Delgado tunazo kumbukumbu zetu za simba, nazo hazikupata nafasi kubwa katika magazeti ya dunia. Mwaka 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe, juu ya uwanda wa Wamakonde, simba waliua watu zaidi ya arobaini. Hapakuwa na maandamano katika miji ya ng'ambo. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa hasira ya wanavijiji wenyewe, nayo haikuishia kwa simba. Ikaenea kauli kwamba simba wale walitengenezwa kwa uchawi, na umati ukawageukia majirani. Watu wasio na hatia wakapigwa na kuuawa na watu waliokuwa wakichota maji nao kisima kimoja.

Hasira hizi mbili, ya Muidumbe na ya miji ya ng'ambo, ziko mbalimbali sana, lakini tabia yao ni moja. Hasira hupenda kumpata mtu wa kumnyoshea kidole. Ikishampata huona kazi imekwisha, na sababu yenyewe hubaki pale pale. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Tanzania, watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba kati ya mwaka 1990 na 2004, wengi wao katika wilaya za kusini. Walipochunguza, waliona kwamba mashambulio mengi yalitokea msimu wa mavuno, wakati mkulima analala shambani katika dungu ili kuyalinda mazao yake yasiliwe na nguruwe mwitu. Simba humfuata nguruwe, na njiani hukutana na mtu. Dawa ya jambo hilo ni kupunguza nguruwe na kumjengea mkulima mahali salama pa kulala. Kumchoma jirani hakumpunguzi simba hata mmoja.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Je, ni haki mtu alipe fedha apate kumwua mnyama kwa ajili ya fahari?

Wapo wasemao kwamba ni haramu kabisa, na hoja yao ina uzito. Mwindaji wa zamani wa kwetu aliingia porini kutafuta kitoweo, au kumwondoa mnyama aliyezoea kula mazao na watu. Aliporudi, kijiji kilikula. Ni vigumu kumweleza mzee wa namna hiyo kwamba kuna mtu ameuacha mji wake, akavuka bahari, akaua, akachukua kichwa na ngozi. Tena wazee wetu hawajasahau enzi ya Mreno, wakati maeneo makubwa ya uwindaji yaliyoitwa coutada yalipotengwa kwa wageni wenye leseni, na Mwafrika aliyetega swala katika ardhi ya babu zake akaitwa mwizi. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mambo yale yaliacha kidonda, na kila leseni ya leo hukigusa.

Wapo pia wasemao kwamba uwindaji huo, ukisimamiwa, huleta fedha za kulinda pori, na hoja hiyo nayo haiwezi kutupwa. Hifadhi ya Niassa, ambayo sehemu yake imo katika mkoa wetu huu, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 42,000. Pori la ukubwa huo halilindwi kwa maneno matupu. Linahitaji askari, magari, mafuta, redio na posho. Baadhi ya vitalu vyake viligharimiwa kwa fedha za wawindaji, na huko Niassa liliwekwa sharti kwamba simba dume asiuawe kabla hajatimiza miaka sita, ili awahi kulea watoto wake. Sheria ya Msumbiji inaagiza pia kwamba asilimia 20 ya mapato ya serikali yatokanayo na wanyamapori irudi kwa wananchi wa mahali hapo.

Ni upande upi ulio sahihi? Tuyatazame matokeo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka huo na 2016 wanyamapori wa nchi hiyo walipungua kwa kiasi cha asilimia 68. Tanzania, kwa upande wake, iliendelea kuruhusu uwindaji wa kitalii katika pori la akiba la Selous. Tembo wa huko, ambao katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Kwa hiyo marufuku peke yake haikuwaokoa wanyama, wala leseni peke yake haikuwaokoa. Katika nchi zote mbili karatasi ilikuwepo, na mnyama akaendelea kufa.

Jambo lililoleta tofauti ni mlinzi. Huko Niassa tembo walikuwa kiasi cha 12,000 mwaka 2011. Majangili wakaja na bunduki za kivita, na kufikia mwaka 2016 walikuwa wamebaki 3,600 na kitu. Kisha serikali na washirika wake wakaongeza doria, wakatumia ndege, na kikosi maalumu cha polisi kikapelekwa kusaidiana na askari wa wanyamapori. Sheria nayo ilikazwa mwaka 2017, hata mwenye kusafirisha au kuhifadhi nyara akaweza kufungwa hadi miaka 16. Kuanzia Mei 2018 hadi Mei 2019 haukuonekana mzoga hata mmoja wa tembo aliyeuawa na majangili katika hifadhi nzima. Ushindi huo waliupata wanaume na wanawake waliolala chini ya miti na kula chakula baridi, na majina yao hayakutangazwa popote.

Ndugu wapiganaji na askari, hapo ndipo suala hili linapowagusa ninyi. Mkiwa imara pori hupona, na mkiteleza hakuna azimio la Ulaya litakaloliponya. Mwezi wa Mei 2015 polisi wa Msumbiji walikamata huko Matola zaidi ya tani moja ya pembe za ndovu, pamoja na vipusa 65. Kazi hiyo ilistahili pongezi. Lakini siku chache baadaye vipusa 12 vikaibwa vikiwa mikononi mwa polisi, na miongoni mwa waliokamatwa kwa wizi huo walikuwemo askari. Siku hiyo sifa ya wengi waaminifu ilichafuliwa na wachache.

Liko pia kosa la namna nyingine. Mwezi wa Oktoba 2013 Tanzania ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, ikishirikisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Lengo lilikuwa jema, lakini wananchi walipigwa, wakateswa, wengine wakafa, na mifugo yao ikauawa. Operesheni ikasimamishwa baada ya wiki chache, na mwezi wa Desemba mawaziri wanne wakaondolewa madarakani. Somo lake ni kwamba anayemlinda tembo kwa kumvunja mbavu mwanakijiji humpa jangili rafiki mpya katika kila nyumba.

Katika pwani yetu hii kosa la namna hiyo lina bei kubwa zaidi. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, wananchi wa hapa wamekimbia, wamerudi, wakakimbia tena. Mwezi wa Aprili 2025 washambuliaji waliingia mpaka ndani ya Hifadhi ya Niassa, wakavamia kambi ya uwindaji na kituo cha uhifadhi cha Mariri, wakaua watu, wakiwemo askari wa wanyamapori. Adui wa mwananchi na adui wa pori wamekutana katika njia moja. Habari za njia hiyo anazo mwanakijiji, naye humwambia yule anayemwamini.

Basi askari afanye nini? Kwanza, bunduki aliyopewa na umma isiwinde. Risasi inayomwangusha kulungu kwa ajili ya sufuria ya kambini ni risasi ya umma, na anayeikodisha silaha yake usiku amemkabidhi adui yake silaha hiyo. Pili, kipimo kiwe kimoja. Mgeni mwenye leseni akaguliwe kama mwanakijiji mwenye mtego wa waya: leseni yake ni ya mnyama gani, wa umri gani, katika kitalu gani? Akivuka mpaka au akizidisha idadi, akamatwe, hata kama gari lake ni la fahari. Tatu, mwanakijiji anayelalamika kwamba tembo wamemaliza muhogo wake asikilizwe kabla hajaamua kutafuta sumu. Na asilimia yake ya 20 isipomfikia, atakayempa habari hiyo mkuu wa wilaya ni askari anayemwona kila siku.

Hasira ya watu wa mbali tusiidharau, kwa maana imeyasukuma mashirika na serikali kutazama jambo walilokuwa wakilifumbia macho. Lakini hasira hiyo huja na simba mwenye jina na huondoka naye. Simba wa Niassa hawana majina, na watu wa Muidumbe waliokufa hawakutajwa. Wote wanamtegemea mtu aliyesimama zamu usiku huu, mwenye bunduki ya umma begani, anayejua ni ya nani na ni ya kazi gani.

Tunawatakia zamu njema.