Kodi Yenye Joto Ndani Yake

Januari iliyopita, hapa Louisville, nilimtembelea bibi mmoja mzaliwa wa Uvira, Kongo. Nilimkuta jikoni kajitanda kitenge juu ya koti zito, kichwani kofia ya sufu ya mjukuu wake. Hita ilikuwa imezimwa. Aliizima mwenyewe, kwa hofu ya bili ya gesi ya Desemba. Akaniambia, "Mwanangu, kodi naijua. Hii karatasi nyingine kila mwezi inakuja na hesabu yake."

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasihi watoto na wajukuu wa wazee wetu: mkimtafutia mzee nyumba Marekani, tafuteni ile ambayo bili zimo ndani ya kodi. Mzee anayehesabu senti hujibana kwanza kwenye kile anachoweza kukizima kwa mkono wake, na wakati wa baridi kitu hicho ni joto.

Upo mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1959, unaoitwa Section 202, kwa wazee wa miaka 62 na zaidi wenye kipato kidogo. Katika majengo mengi ya mpango huo, mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, na hesabu hiyo imekwisha kuzingatia bili. Ikiwa umeme anajilipia, hupunguziwa kodi kwa kiwango kilichokadiriwa. Mwaka 2025, mzee aliyeishi peke yake kwa SSI kamili, yaani fedha ya serikali kuu ya kuwasaidia wazee na walemavu wenye kipato kidogo, alipata dola 967 kwa mwezi. Asilimia 30 ya hizo ni kama dola 290.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi wetu tumejikwaa. Kuna majengo mengine ya wazee yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi ya mapato, utaratibu wa tangu 1986. Nayo hutangazwa kuwa ni ya wenye kipato cha chini. Lakini kikomo cha kodi ya nyumba humo hakiangalii mfuko wa mzee wako. Kinafuata kipato cha kati cha eneo zima. Mishahara ya mji ikipanda, kodi nayo inaweza kupanda, na mzee yuko palepale na SSI yake. Kwa hiyo ulizeni mapema: kodi hii inahesabiwa kwa kipato cha nani?

Na mkiambiwa bili zimo, ulizeni zipi. Maji na taka mara nyingi zimo. Joto, umeme wa kiyoyozi, intaneti: kila kimoja kitajwe kwenye mkataba, kwa maandishi.

Tafadhali, msimpe mtoto wa miaka kumi kazi ya kutafsiri mkataba huo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawabana wanaopokea fedha za serikali kuu. Kwa miaka mingi imefasiriwa kuwa inawataka wachukue hatua za kumsaidia asiyejua Kiingereza. Ombeni mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya.

Bibi yetu tumemwandikisha kwenye majengo matatu, kwa sababu foleni ni ndefu. Bado anasubiri. Swali lake la kwanza simu ikilia amelishika kwa moyo, na juzi alinisomea tena: "Joto analipa nani?"