Macho ya watu siku ya kuonana mara ya kwanza

Maneno tuliyotoa mbele ya viongozi na familia za waliohamishwa na vita, Bunia

Tunawashukuru kwa kutupokea, ingawa mlijua mapema kwamba habari ya leo ni nzito.

Tunataka kuzungumza juu ya kijana mwanaume anayempenda mwanaume, na binti anayempenda binti. Wako kati yetu. Hatukuja kuwaomba mwache dini yenu wala mila. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia mbili tofauti, na sisi hatukuja kwa mambo ya ndoa. Tumekuja kwa kifungu cha 16 cha Katiba hiyo hiyo: mtu ni mtakatifu, na Serikali inapaswa kumheshimu na kumlinda.

Sikilizeni habari hii. Tumebadilisha mambo mengi ili wahusika wasijulikane. Kijana wa kambi alizungumza na mwenzake kwa simu wiki nyingi. Siku ya kuonana ikafika. Akaazima shati. Akaosha miguu mara mbili kwa ajili ya vumbi, akafua suruali ili harufu ya moshi itoke. Anayelala chini ya turubai anaujua moshi huo. Njiani, kwenye Boulevard de la Libération, aliona kama kila mtu anamsoma: viatu vyake, mwendo wake, sauti yake.

Walipoketi, mwenzake akauliza: "Wewe ni wa wapi?" Hapa Ituri hilo si swali dogo. Katika vita vya 1999 hadi 2003 jina la kijiji lilitosha kuonyesha kabila la mtu, na watu waliuawa kwa ajili ya kabila. Kijana akadanganya. Akaficha kijiji, akaficha kambi, na kwa watu wa meza ya pili akaficha sababu ya kuwa pale. Mambo matatu ya kuficha, na soda moja tu mezani! Aliporudi alituambia: "Amenidharau. Aliangalia viatu tu."

Baadaye tulijua kwamba yule mwingine aliinamisha macho kwa woga. Yeye pia alikimbia Djugu, machafuko yalipoanza tena Desemba 2017, na alidhani anapimwa kabila. Kila mmoja alikuwa amekwisha kujihukumu kabla ya kufika, kisha akaona hukumu hiyo katika macho ya mwenzake.

Woga huo si wa bure. Kuna wanaojifanya wapenzi, kisha wanadai pesa ili wasimtangaze mtu. Na akitangazwa, ataenda wapi? Mwaka 2018 maelfu ya watu wetu walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Lakini sheria ya Uganda ya 2023 inaweza kumfunga kijana wa namna hii maisha yake yote. Basi anabaki hapa, mikononi mwenu.

Nasi tuna deni. Katika kikao kimoja kijana alianza kueleza habari zake, na mmoja wetu akacheka. Yule kijana akanyamaza, akatoka, hakurudi. Tumemtafuta, hatujamwona.

Viongozi, mkiletewa neno la namna hii, tunawaomba msimwite kijana mbele ya watu. Msimtaje kanisani. Msiguse jina lake kwenye orodha ya chakula. Orodha hiyo ni ya wenye njaa. Mama yake akija kwenu usiku akilia, mpokeeni peke yake, na asubuhi msiwaambie majirani alikuja kwa nini. Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni kimya, amevaa shati lisilo lake, mpeni chakula kwanza. Maswali yanaweza kungoja.

Baba wa upande wa mlango ameinua mkono tangu tulipotaja ndoa. Tunajua hakubali. Karibu, baba, useme wa kwanza.