Skrubu Iwe ya Mwisho: Kuchunguza Sailensa Kubwa au Isiyotulia kwenye Magari ya Zamani

Mada kwa semina ya mafundi na madereva, Kata ya Rubafu, Wilaya ya Bukoba

Utangulizi

Corolla, Carina na Noah za miaka ya 1990 bado zinatubebea wagonjwa, ndizi na samaki kwenda Bukoba Mjini. Zilikuja zikiwa zimeshatumika Japani, na mipira yake imekakamaa kwa umri na joto. Dereva analeta gari akisema sailensa, yaani mzunguko wa injini resi ikiwa imeachiwa, imepanda, au inacheza yenyewe gari likiwa limesimama. Mara nyingi fundi anachukua bisibisi, anarudisha skrubu ya sailensa, mlio unashuka na mteja anaondoka. Lakini asubuhi injini ikiwa baridi, gari linazima ovyo. Hoja yangu ni moja: skrubu iguswe mwisho, baada ya maji, mipira na sensa kukaguliwa.

1. Sailensa inavyotawaliwa

Resi ikiachiwa, kisahani cha throtoli hukaribia kufunga kabisa, na injini hupumua kwa hewa kidogo inayopita njia za pembeni. Injini nyingi za petroli zikishapata moto huzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika. Zikiwa baridi, kufika 1,500 si ugonjwa, mradi mzunguko ushuke kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo muulize dereva kwanza: inapanda ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Inabaki juu, au inapanda na kushuka?

2. Visababishi vikuu

Hewa isiyo na ruhusa. Mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au gasketi ya manifodi iliyochoka huingiza hewa baada ya throtoli. Injini kama 5A-FE hupima mgandamizo ndani ya manifodi. Hewa hiyo ikiingia, kompyuta huongeza petroli na mzunguko hupanda. Ukizidi kiwango huku resi imeachiwa, kompyuta hudhani gari linashuka mlima, hukata petroli. Mzunguko ukianguka, huirudisha. Hapo ndipo sailensa inapoanza kucheza bila kukoma.

Maji na joto. Hili ndilo tunalolipuuza zaidi. Kwenye injini nyingi za Toyota za wakati huo, maji ya rejeta hupita chini ya throtoli na kupasha moto valvu ya nta inayofunga hewa ya ziada injini ikishapata moto. Maji yakipungua, au hewa ikinasa ndani, valvu haipati joto na sailensa hubaki juu. Athari hiyo hiyo huletwa na kung'oa themostati kwa imani kwamba nchi yetu ni ya joto. Lakini Bukoba iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, tena ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi Tanzania. Themostati hufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa na ubaridi, kompyuta huendelea kumwaga petroli, na plagi hujaa masizi.

Vizuizi vya kawaida. Waya wa resi uliokaza, springi iliyolegea, au masizi yanayozuia kisahani kufunga.

3. Utaratibu wa uchunguzi

Tuanze na vipimo visivyo na gharama.

(a) Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Ongeza maji, toa hewa, na uhakikishe themostati ipo.

(b) Kagua kapeti, pedeli na waya wa resi. Kisahani kirudi chenyewe hadi mwisho.

(c) Injini ikinguruma, sikiliza mluzi wa hewa. Bana mipira kwa plaisi mmoja mmoja, taratibu. Ukibana mmoja na sailensa ikatulia, fuatilia njia hiyo. Kwenye maungio ya manifodi nyunyiza maji ya sabuni: yakinyonywa, au mlio ukibadilika, umepata tundu. Tusinyunyize petroli kamwe. Injini ya moto huiwasha.

(d) Injini ikishapata moto, ziba kwa kidole tundu la hewa ndani ya throtoli. Mzunguko ukianguka sana, valvu ya nta haijafunga. Rudia kukagua maji, kisha isafishe.

(e) Soma makosa ya kompyuta. Kwenye Toyota nyingi za kabla ya mashine za kisasa za kusoma makosa, unganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, washa swichi, uhesabu mimweko ya taa: 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya mgandamizo wa manifodi, 41 ni ya throtoli. Sensa ya joto ipime kwa multimita: karibu omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Sufuria ya maji na kipimajoto vinatosha.

(f) Hapo ndipo skrubu inapostahili kuguswa, kwa kipimo cha kiwanda.

4. Usalama na gharama

Mpira wa busta ya breki ukivuja, hupandisha sailensa na pia hufanya pedeli kuwa ngumu. Kwenye miteremko ya kuingia Bukoba Mjini, hilo ni suala la uhai wa abiria. Gari la otomatiki lenye sailensa kubwa nalo husukuma mbele dereva akiwa bado ameshika breki. Kuhusu gharama, petroli yetu husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam. Bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huonyesha kila mwezi tofauti ya bei inayoletwa na umbali huo. Kila lita inayopotea gari likiwa limesimama inatoka kwenye nauli.

Mapendekezo

Kila gereji iweke multimita na kipimajoto. Fundi asing'oe themostati, iliyokufa ibadilishwe. Kabla ya kulipa, dereva aulize kasoro ilikutwa wapi na aonyeshwe. Fundi asiyeweza kuonyesha mpira uliopasuka, maji yaliyopungua au sensa iliyokufa, hajamaliza kazi, hata kama mlio umeshuka.