Hotuba ya Mwenyekiti: Mfuko wa Jamii Usifutwe



Kwanza tumshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Mimi sina maneno mengi, nina jambo moja tu.

KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, kahawa ilikuwa ya baba. Mama alibaki na ndizi, maziwa na mbege. Hela hiyo ndogo ya sokoni ndiyo ilinunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Kikundi chetu nacho kimetoka humo humo, kwenye ndizi za Kiborloni na Mwika.

Sasa jamani, wapo wenzetu wanaosema mfuko wa jamii ufutwe, hela yote iingie kwenye hisa, kwa sababu mfuko hauzai. Ni kweli, hauzai. Lakini tuangalie kazi yake. Mtoto akilazwa KCMC usiku, mkopo unangoja kikao na wadhamini. Mfuko wa jamii unatoka asubuhi ile ile, wala haurudishwi. Mama asiye na mfuko huo anauza mbuzi wake kwa bei ya kutupa, mtaji unakwisha, na rejesho la mkopo atalitoa wapi? Kumbe mfuko huo ndio unaolinda hisa zetu.

Wengine watasema halmashauri ipo. Ndiyo, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani ni ya mikopo ya akina mama, na tunashukuru. Lakini mwaka 2023 mikopo ile ilisimamishwa, ikarudi 2024. Magonjwa na misiba havikusimama kuingoja.

Wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji vihambani. Siku ya kusafisha, kila nyumba ilitoa mtu, na asiyekuja alitozwa. Hakuna aliyesema mfongo hauzai. Migomba ndiyo ilizaa.

Kwa hiyo naomba, kwenye mkutano wa mwaka, mfuko tuuache. Ila tuandike vizuri kwenye katiba nani anapewa, kwa shida gani na kiasi gani, ili manung'uniko yaishe. Sanduku letu lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Mwenyekiti hana hata mmoja. Na ninyi mnaotuchangia, daftari liko wazi, karibuni mlisome.